Joto, Halijoto na Kupoa: Istilahi za Kuchomelea Chuma Kisichoshika Kutu

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha mafunzo ya uchomeleaji aghalabu hutishwa na maneno mageni: ausiteniti, kabidi, elektrodi na ndugu zao. Kwa hakika maneno hayo si ya kuogofya, kwani hutoholewa mara moja na jambo likaisha. Yanayoponza ni maneno ya kila siku, yaani moto, joto, kupoa na kutu, ambayo kila mtu hudhani kwamba anayajua. Katika makala haya tunakusudia kueleza yanayokipata chuma kisichoshika kutu kinapochomelewa na kinapopoa, na papo hapo kuzipima istilahi zinazotumika au zinazofaa kutumika katika kuyaeleza. Makosa ya hapa si ya urembo wa lugha. Sentensi moja ikifasiriwa vibaya, tangi la maziwa au bomba la kiwandani laweza kutoboka kandokando ya mshono wake, na fundi akalaumiwa kwa kutii alichosoma.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Mafundi wa karakana husema stenlesi, na huelewana. Katika maandishi ya ofisini limeenea jina chuma cha pua, nalo lina kasoro. Neno pua kwa maana hii ni la zamani. Kamusi za kale hulieleza pamoja na neno feleji, yaani chuma kigumu cha kufulia visu na mapanga. Chuma hicho hushika kutu kama kawaida, na mkulima aliyesahau panga lake nje wakati wa masika ni shahidi. Tena neno hilo lilikuwapo katika Kiswahili kabla ya mwaka 1912, ambapo kampuni ya Krupp ya Essen, Ujerumani, iliomba hataza za vyuma vyenye kromi na nikeli, na kabla ya mwaka 1913, ambapo Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chake chenye kromi. Basi ofisa anayeandika katika hati ya zabuni kwamba anataka “mabomba ya chuma cha pua” hana haki ya kulalamika akiletewa mabomba ya feleji ya kawaida. Sisi tunaona jina chuma kisichoshika kutu ni bora, ijapokuwa ni refu, na ijapokuwa, kama tutakavyoona, linaahidi zaidi ya linavyoweza kutimiza. Feleji isiyo na kromi ya kutosha tutaiita hapa chuma cha kaboni.

Kinachokikinga chuma hiki si ugumu wake bali ni kromi iliyomo. Kromi ikifika kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi, hushikana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba mno wa oksidi juu ya uso wa chuma, utando usioonekana kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Ukikwaruzwa hujifanya upya wenyewe, maadamu kromi ipo ya kutosha mahali hapo. Maneno “mahali hapo” ndiyo kiini cha mambo yote yafuatayo. Haitoshi chuma kizima kiwe na wastani wa asilimia 18 za kromi. Yapasa kila sehemu ya uso wake iwe na fungu lake.

Aina inayotumika zaidi katika masufuria, matangi ya maziwa, masinki na vifaa vya hospitali ni ile ijulikanayo kwa nambari 304, yenye kromi asilimia 18 hivi na nikeli 8 hivi. Jamii yake huitwa ya ausiteniti, kwa mujibu wa mpangilio wa atomi katika fuwele zake, na kwa kawaida sumaku haiivuti. Mengi tutakayoyasema yanahusu jamii hiyo.

Sasa tuje kwenye joto. Katika mazungumzo, Kiswahili hutumia neno moto kwa mambo mengi: mwako wa kuni, ukali wa pasi, hata umeme. Katika shule zetu imekwisha kukubalika kutenganisha joto na halijoto (wengine husema jotoridi). Halijoto ni kipimo cha ukali, nacho husomwa kwa nyuzi za sentigredi. Joto ni kiasi cha nishati kinachoingia au kutoka, nacho hupimwa kwa jouli. Cheche ya jiko ina halijoto kubwa na joto dogo. Pipa la maji ya vuguvugu ni kinyume chake. Walimu wa fizikia hulizingatia jambo hili, lakini tafsiri za vitabu vya ufundi hulisahau, na hapo ndipo fundi anapopotezwa. Kitabu kinapomwambia apunguze joto linaloingia katika kiungo, hakimwambii apunguze ukali wa tao la umeme. Chuma hiki huyeyuka kati ya nyuzi 1,400 na 1,450 hivi, na bila kufika hapo hakuna kiungo. Anachoambiwa ni kwamba asikae mno mahali pamoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Tao la volti 20 na ampea 100 hutoa jouli 2,000 kila sekunde. Fundi akisogea milimita 4 kwa sekunde, kila milimita ya mshono hupewa jouli 500. Akisogea milimita 2 tu, hupewa 1,000. Halijoto ya kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka haikubadilika sana, lakini joto limekuwa maradufu, na chuma cha pembeni kitachelewa kupoa. Mfasiri aliyetumia neno moja kwa yote mawili amemfungia fundi mlango wa kulielewa jambo hili.

Chuma kisichoshika kutu kina tabia mbili zinazozidisha umuhimu wa hesabu hiyo. Ya kwanza, hupitisha joto polepole, kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kaboni. Joto lililotiwa hubaki karibu na mshono badala ya kutawanyika. Ya pili, hutanuka zaidi: ufito wa mita 1 ukiongezewa nyuzi 100 hurefuka milimita 1.7 hivi, ambapo ule wa chuma cha kaboni hurefuka 1.2 hivi. Sehemu moja ikitanuka huku jirani yake ni baridi, bati hupinda. Kila fundi aliyewahi kuunga bati jembamba la stenlesi analijua hilo, na ndiyo sababu hushikiza kwa vidoa vingi vilivyokaribiana kabla ya kuanza mshono wenyewe.

Lakini kupinda huonekana, na kinachoonekana hurekebishwa. Hatari kubwa ni isiyoonekana.

Chuma kigumu kimejengwa kwa punje nyingi zilizobanana, kila moja ikiwa ni fuwele yenye mpangilio wake, na mahali punje mbili zinapokutana huitwa mpaka wa punje. Ndani ya chuma cha 304 mna kaboni kidogo, isiyozidi asilimia 0.08. Chuma kikiwa na halijoto ya kati ya nyuzi 425 na 870 hivi, kaboni hiyo hukimbilia mipakani na kuungana na kromi kufanya chembe za kabidi ya kromi. Mtu aweza kuuliza: kaboni ndogo hivyo itadhuru nini? Jibu liko katika uzani. Katika kabidi hiyo kila gramu 1 ya kaboni hushika gramu 16 hivi za kromi. Hata hivyo, ikiwa upungufu huo ungegawanywa sawasawa katika chuma kizima, asilimia 18 zingeshuka na kuwa 16 na ushei tu, na utando usingedhurika. Kumbe haugawanywi sawasawa. Atomi za kaboni ni ndogo, hupenya upesi kutoka katikati ya punje. Za kromi ni kubwa na nzito kwenda. Kwa hiyo kaboni huja kutoka mbali, lakini kromi huchukuliwa jirani tu, kama soko la mjini linavyomaliza mihogo ya mashamba ya karibu kwa kuwa barabara za mbali hazipitiki. Pembeni mwa kila mpaka hubaki utepe mwembamba ambao kromi yake imeshuka chini ya kiwango cha kuutunza utando. Hapo maji ya chumvi au asidi hupata njia, hula mpaka baada ya mpaka, na punje nzimanzima hulegea na kudondoka. Maelezo haya ya upungufu wa kromi yalitolewa na Edgar Bain na wenzake wa Marekani mwaka 1933, nayo yangali ndiyo msingi wa elimu hii.

Nyuzi hizo mbili, 425 na 870, zahitaji maelezo, maana vitabu vingine huzitaja kama amri bila sababu. Chini ya 425 atomi za kromi hazina nguvu ya kutembea, kabidi haifanyiki kwa muda wowote wa maana. Juu ya 870 kabidi haidumu, huelekea kuyeyuka na kaboni kurudi ndani ya punje. Hatari basi si kuwa na moto mkali. Hatari ni kukawia katikati. Karibu na nyuzi 700 chuma chenye kaboni ya asilimia 0.08 huharibika kwa dakika chache. Hii ndiyo maana ya jambo linalowashangaza wengi, kwamba kutu haitokei katika mshono wenyewe wala mbali nao, bali katika ukanda ulio milimita chache kando yake, sambamba nao pande zote mbili. Chuma kilichogusana na mshono kilipanda juu sana na kushuka upesi; kilicho mbali hakikufika 425; kilicho kati ndicho kilichokaa pabaya kwa muda mrefu.

Istilahi mbili za Kiingereza zinazohusu hali hii zimewatesa wafasiri. Ya kwanza imetoholewa kutoka kwenye neno lenye maana ya kuhisi, na tumewahi kuona jaribio la kuifasiri kwa neno kuhisisha. Chuma hakihisi. Neno hilo hufaa labda katika utabibu au upigaji picha, lakini hapa halimfahamishi mwanafunzi chochote. Yafaa tuitazame maana. Chuma kilichopatwa na hali hii hakijaanza kuliwa. Kiking’arishwa hung’aa kama kawaida, na kikiwekwa kabatini chaweza kudumu miaka. Kimepoteza kinga tu. Kiswahili kinalo neno la hali ya namna hiyo: mtu aliyedhoofika si lazima awe mgonjwa, ila ugonjwa ukija haupati kipingamizi. Tunapendekeza udhoofikaji wa mipaka ya punje, au kwa kifupi udhoofikaji, pale ambapo muktadha umekwisha kuelezwa.

Istilahi ya pili hulitaja tokeo la baadaye kama kuoza kwa kiungo. Waingereza wamezoea kusema chuma huoza; sisi hatukuzoea. Kwetu huoza nyama, mbao na matunda, na chuma huliwa na kutu. Kutokana na kitenzi hicho hicho wanasayansi wetu wamepata neno ulikaji, na ni zuri kwa sababu lina mzizi unaojulikana. Basi tuseme ulikaji wa kando ya mshono. Istilahi hii ina faida moja ambayo ile ya Kiingereza haina: humwonyesha mkaguzi mahali pa kutazama. Na ukanda wenyewe uitwe ukanda ulioathiriwa na joto, jina ambalo limekwisha kuanza kutumiwa na wengi na hatuoni sababu ya kulibadilisha.

Tunafika sasa kwenye kupoa, ambapo kosa la tafsiri ni la hatari kuliko yote. Wahunzi tangu zamani wameujua ukweli mmoja: chuma cha kisu kikitolewa motoni chekundu na kuchovywa majini huwa kigumu, kikiachwa majivuni kipoe polepole huwa laini. Kutokana na uzoefu huo, wafasiri wengi huona kuchovya na kutia ugumu kuwa ni jambo moja, na vitabu vya chuma cha kaboni huwaunga mkono. Huonya kwamba chuma kinene au chenye kaboni nyingi kisipozwe ghafula baada ya kuchomelewa, kwani mshono utakuwa mgumu na kupasuka. Onyo hilo ni la kweli kwa chuma hicho. Likihamishiwa kwenye chuma cha jamii ya ausiteniti huwa sumu. Chuma hiki hakipati ugumu kwa kuchovywa. Kikichovywa hubaki laini na mnyumbufu. Tena kupoa upesi ndiyo dawa yake, kwa maana hukipitisha haraka kati ya nyuzi 870 na 425. Anayekifunika kwa mchanga au majivu ili kipoe taratibu, akidhani anakihurumia, anakidhoofisha mipaka kwa mikono yake.

Kwa hiyo haifai kabisa kitendo na tokeo viwe na jina moja. Kitendo cha kukitoa chuma motoni na kukitia majini au mafutani kiitwe kupoza ghafula. Tokeo linalopatikana katika chuma cha kaboni liitwe kutia ugumu. Kupoza ghafula kwaweza kuzaa ugumu, kwaweza kutouzaa. Vivyo hivyo tunaposoma kwamba chuma kilichodhoofika chaweza kuponywa kwa kupashwa hadi nyuzi 1,040 au 1,100 na kisha kupozwa ghafula kwa maji, tusilifasiri jambo hilo kwa neno kulainisha, ambalo hudokeza kupoa polepole. Hapa kusudi ni kuyeyusha kabidi na kuifungia kaboni ndani ya punje kabla haijapata nafasi ya kurudi mipakani. Kwa hiyo kuyeyusha kabidi kwa joto kunatosha. (Tungewaomba wapiga chapa pia wawe macho: tofauti ya kupoza na kupooza ni herufi moja, na chuma kilichopooza ni msiba wa aina nyingine.)

Walakini msomaji asiichukue kanuni hiyo na kuitumia kwa kila kinachoitwa stenlesi. Ipo jamii ya martensiti, ambayo ina kromi asilimia 12 au 13 hivi na kaboni ya kutosha, nayo hutengenezewa visu na vifaa vya upasuaji. Hiyo hufuata desturi ya wahunzi: ikipoa upesi huwa ngumu na kupasuka, hivyo hupashwa kwanza, mara nyingi hadi nyuzi 200 au 300, kisha huachwa ipoe taratibu. Maelekezo ni kinyume, na jina la sokoni ni lile lile. Sumaku husaidia kiasi, maana jamii ya martensiti huvutwa. Lakini pia ya feriti huvutwa, na hiyo ina ugonjwa wake, wa punje kukua mno kando ya mshono na kuufanya ukanda huo kuwa mwepesi kuvunjika. Mfasiri asiyejua aina ya chuma kinachozungumzwa hana budi kurudi kwa mwandishi na kuuliza, au kuiandika nambari ya chuma katika kila sehemu inayotoa amri.

Tusitie chumvi, lakini. Bati jembamba linalopitishwa mshono mmoja wa haraka hupoa upesi, na udhoofikaji hutokea kwa nadra. Hatari huja katika mabamba manene yanayohitaji mishono mingi juu kwa juu, ambapo kila mshono huupasha tena ule wa chini pamoja na ukanda wake. Ndiyo sababu fundi huamriwa asubiri kati ya mshono na mshono mpaka chuma kishuke chini ya nyuzi 150 au 175. Amri hii nayo imewahi kugeuzwa maana: kinachotajwa ni kiwango cha juu kisichovukwa, lakini mwenye mazoea ya chuma cha kaboni, ambacho mara nyingi hudaiwa kiwe na halijoto isiyopungua kiwango fulani, huweza kusoma “nyuzi 150” na kuanza kukipasha. Maneno “isizidi” na “isipungue” yaandikwe kwa ukamilifu. Nambari peke yake haitoshi.

Iko pia alama ya joto inayoonekana kwa macho, nayo ni rangi. Kandokando ya mshono uso huwa wa manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau na buluu, kadiri oksidi inavyozidi unene. Watu wengine huzipenda rangi hizo na kuziacha kama mapambo. Oksidi hii nene si ule utando wa kinga; imeivuta kromi kutoka kwenye uso ulio chini yake, na yapasa iondolewe kwa asidi maalumu au kwa kusuguliwa, kwa brashi ya nyuzi za chuma kisichoshika kutu peke yake. Brashi ya chuma cha kaboni huacha vumbi la chuma ambalo litashika kutu, na mteja ataambiwa ameuziwa bandia. Katika kuifasiri, tuseme rangi za joto, tusiseme madoa, maana doa huoshwa kwa sabuni.

Mwisho, kuhusu nambari. Kinga iliyo rahisi kuliko zote si kuharakisha kupoa bali ni kununua chuma chenye kaboni kidogo. Chuma cha 304L kina kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na kwa kiasi hicho udhoofikaji huhitaji saa kadhaa, si dakika, hata karibu na nyuzi 700. Njia nyingine ni kutia titani, kama katika 321, au niobi, kama katika 347, ambazo hupenda kaboni kuliko kromi inavyoipenda, zikaichukua kabla. Herufi L hapo si ya urembo wala si chapa ya kiwanda, na tumeona orodha za vifaa ambazo mpiga taipu ameiacha kwa kudhani ni kosa. Isifasiriwe, isitoholewe, isiachwe. Katika hati ya zabuni iandikwe nambari pamoja na herufi yake, na kando yake, kwa maneno, “chuma kisichoshika kutu chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03”.